Mashini ya Sauti, Kolwezi hadi Mwene-Ditu

Siku ya kuniaga kazini mlinipa kiti cha mbele, soda mbili na nafasi ya kusema. Nikasema "aksanti", nikakaa. Binti mmoja wa studio akanifuata mlangoni: "Tata Alphonse, myaka yote ile, unasema paka aksanti, aksanti tu?" Alikuwa na haki. Lakini mimi nimezoea kuwashikia wengine mikro. Nikiishika mwenyewe, mdomo unakauka. Basi naandika. Vyeo na mishahara sitavigusa, kwa sababu vilikuwa vidogo na havina hadithi. Nitawaandikia jinsi nilivyoanza, na kuhusu watu wawili watatu ambao hadi leo nikiwakumbuka navua kofia.

Niliingia kazini nikiwa na miaka kumi na tisa, katika ile miaka ya mwisho ya Wabelgiji, kwenye ofisi ya mambo ya jamii ya kambi ya wafanyakazi wa mgodi hapa Kolwezi. Nilizaliwa kambini humo, baba na mama watu wa jimbo la Kasai. Nilikuwa nimemaliza shule ya misheni na nilijua kupiga mashini ya kuandika kwa vidole vinne, kwa hiyo nilidhani nimeajiriwa kuandika. Nilipofika, mzee mmoja mfupi mwenye kidole gumba kilichoungua akanionyesha sanduku la mbao lenye mshikio wa ngozi.

"Beba," akasema. "Zunguka nayo kambi muzima, kisha urudie."

Huyo alikuwa Tata Kabongo, fundi wa umeme, mwenyeji wa Kabinda. Sanduku lilikuwa na uzito wa mtoto wa miaka mitatu aliyelala. Nilirudi, nikaliweka miguuni pake. Akafungua kifuniko, akatoa yai lililovunjika, akalitazama, akanitazama.

"Kesho tena."

Ilichukua mayai manne. Siku ya tano yai likarudi zima. Akalichemsha, akanimegea nusu. Ndipo akanionyesha kilichokuwa chini ya yai. Ilikuwa mashini ya kunasa sauti, ya kwanza kuonekana kwenye kambi yetu. Ilikuwa na magurudumu mawili ya kanda, bande kama tulivyoita, nyembamba kama utepe wa nywele na rangi ya kahawa. Mota yake ilikuwa ya springi, unaizungusha kwa mkono kama saa ya ukutani, na sauti yake ilipata nguvu kutoka kwenye pile, yaani betri. Kwa hiyo iliweza kwenda mahali pasipo na umeme. Bwawa la umeme la Nzilo liliwasha taa za mgodi na za watu wengine. Vijijini walikokuwa mama zetu hapakuwa na hata taa ya kandili kila nyumba.

Kabongo alinifundisha kusafisha vichwa vya mashini kwa kitambaa na pombe kali, na kila jioni aliponiaga alininusa mdomo kwanza. Alinifundisha kusikiliza. "Mashini haina masikio yake," alisema. "Inatumikisha ya kwako. Kama weye unasikia mubaya, nayo itasikia mubaya." Alitengeneza redio za nyumba zote za wazungu wa mtaa wa juu, ila kwenye karatasi ya kazi sahihi iliyowekwa ilikuwa ya mtu mwingine, mtu ambaye sikumwona akishika bisibisi hata siku moja. Kabongo hakulalamika. Alisema kila redio inamjua fundi wake.

Kazi yetu ilikuwa hivi. Jumapili baada ya misa, wafanyakazi wenye jamaa Kasai walipanga mstari mbele ya ofisi. Kila mmoja alipewa dakika tatu. Kila baada ya miezi minne hivi mimi nilipanda treni na mashini, kupitia Tenke na Kamina hadi vituo vya Kasai, nikawachezea wazazi sauti za watoto wao, nikanasa majibu, nikarudi.

Msidhani ilikuwa rahisi. Mtu aliyekuwa akisimulia mambo mstari mzima, akifika mbele ya mikro aligeuka jiwe. Wengine walipiga kelele, kwa kuwa Kasai ni mbali. Wengine walisalimia shangazi, wajomba na mbuzi, dakika zikaisha kabla hawajataja jina lao wenyewe. Kabongo alipata dawa. Aliweka kiti kitupu mbele ya msemaji.

"Mama yako anaikala pale," alimwambia. "Amechoka na njia. Usimupigie makelele. Umuambie tu."

Niliona wanaume wa mgodini, wenye mabega kama milango, wakikiangalia kile kiti na kuanza kuongea taratibu. Katika kazi yangu yote nimetumia mashini za kila aina, na sijapata iliyokishinda kile kiti.

Sasa nifike kwa Tata Mukendi.

Alikuwa fundi wa kupaka grisi mashini kubwa za mgodi, mtu wa karibu miaka arobaini, asiyesema sana. Alikuja Jumapili tatu akasimama nyuma ya mstari, na kila alipokaribia mlango aliondoka. Mara ya nne Kabongo alimkamata mkono, akamkalisha ndani, akafunga mlango. Ndipo akatueleza.

Alitoroka kijijini akiwa na miaka kumi na saba, alfajiri, na watu waliokuja kuandika wafanyakazi. Hakumuaga mama yake. Miaka michache baadaye Mukendi mwingine, wa kijiji cha jirani, alikufa kwa homa huku kwetu Katanga. Habari ilifika nyumbani kwa mdomo wa mpita njia, na mdomo wa mpita njia haubebi jina la baba. Mama yake alilia matanga, akanyoa nywele, watu wakala, wakatawanyika. Mukendi alipopata habari kwamba amezikwa, aliandika barua. Aliandika nyingi. Katekista alimsomea mama, na mama akajibu kwamba katekista ni mtu mwema, anaandika barua mwenyewe ili kumpoza mwanamke mzee.

"Anasema karatasi kila muntu anaweza kuandika," Mukendi alisema. "Na mi naogopa kwenda. Ruhusa ya siku nyingi haiko, lakini hata kama iko, naogopa. Mama alishaka kunizika. Nitasimama mbele yake namna gani?"

Kabongo alikwenda kuchukua bande jipya, zima. Kanuni ilisema dakika tatu. Akaisukuma kanuni pembeni na kiti akakiweka katikati. Mukendi alikiangalia muda mrefu, bande likizunguka bure. Mwishowe akasema kwa Tshiluba, lugha ya kwao Kasai: "Mama, ni mimi Mukendi. Niko mzima. Nina mke, nina watoto watatu." Kisha akamwita bintiye wa kwanza, Ngalula, mwenye miaka tisa, amwimbie bibi yake. Ngalula akaimba kwa Kiswahili, maana watoto wa kambi Tshiluba walikisikia tu wazazi walipogombana.

Nilisafiri na bande hilo hadi Mwene-Ditu. Kutoka kituoni nilipanda gari la mizigo la Bwana Ramazani, mfanyabiashara Mwislamu aliyetoka upande wa Kasongo, mtu mwenye bashasha. Aliniwekea mashini juu ya magunia ya mahindi na kunitania njia nzima kwamba nabeba majini. Nilicheka. Kumbe njia ya kucheka ilikuwa imebaki fupi.

Mama Ntumba, mama yake Mukendi, alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, mgongo umenyooka. Aliishi na binti yake Kapinga, mjane, mkubwa kwa Mukendi kwa miaka miwili. Kijiji kizima kilikusanyika. Tuliongea Tshiluba, lakini nawaandikia kwa Kiswahili chetu. Nikazungusha springi, nikafungua sauti.

"Mama, ni mimi Mukendi."

Alisikiliza bila kupepesa. Wimbo wa Ngalula ulipoisha alisimama, akafungua kitambaa kichwani, akakitupa chini. Akaanza kulia kilio cha msiba.

"Sasa najua kweli amekufa! Muntu muzima sauti yake inakaa mu kifua! Ya mwanangu bameikamata, bameitia mu sanduku! Na mutoto ule anaimba luga gani, luga ya bafu, ya bantu balishakufa?"

Wanawake wote wakaitikia. Nilikuwa na miaka ishirini, mbele ya msiba niliouleta mwenyewe mikononi. Vijana wawili walianza kutazama mashini kama mtu anavyotazama nyoka. Nikajaribu kueleza, hakuna aliyesikia. Katika kuhangaika mkono wangu ulikuwa umeshageuza kitufe cha kunasa, na mikro ilikuwa wazi. Nilipogundua, kilio kilikuwa kimeingia chote kwenye kipande cha bande kilichobaki kitupu baada ya wimbo. Sikuwa na akili nyingine. Nikarudisha bande nyuma, nikakifungulia.

Kilio cha Mama Ntumba kilitoka kwenye sanduku, na Mama Ntumba mwenyewe akanyamaza. Wengine wote wakanyamaza.

"Ule ni nani?" akauliza.

"Ni weye, mama."

"Mi niko wapi sasa? Niko hapa ao niko mule?"

"Uko hapa. Jiguse. Sauti njo inaingia. Muntu anabakia inje. Hata Mukendi anabakia inje, eko Kolwezi, saa hiyi anakula bukari."

Alijigusa mkono kweli. Akasogea, akainama juu ya sanduku, akasema ndani yake kwa ukali: "Ntumba!" Nikanasa, nikamrudishia: "Ntumba!" Akacheka, cheko fupi kama kikohozi, na hapo nilijua sitapigwa siku ile.

Lakini hakuwa mtu wa kushindwa haraka. Alikaa chini, akafikiri. "Vizuri," akasema. "Sanduku haliui. Lakini sauti hii ni ya mwanaume mukubwa. Mwanangu aliniacha na sauti ya kijana. Nitajua namna gani?" Akaomba nimfungulie mikro. Nikamwambia, kama Kabongo, amwone Mukendi amekaa mbele yake.

"Weye unayesema uko mwanangu," alianza, "unijibu. Mutungi ya maji, ile nilipewa na mama yangu siku nilienda kuolewa. Nani aliuvunja? Na mi nilifanya nini siku ile?"

Nyuma yake niliona Kapinga akiinamisha kichwa. Sikuelewa kwa nini.

Kolwezi, Mukendi alikuja siku hiyohiyo niliyoshuka treni, bado ana grisi hadi kwenye viwiko. Tulimchezea yote, na kilio pia. Nilitaka kukiruka kilio, Kabongo akanizuia. "Ni yake," akasema. Mukendi alisikiliza mama yake akimlilia, mikono imeshika magoti. Kisha likaja swali, na uso wake ukabadilika.

"Ni neno rahisi," nikamwambia. "Ujibu tu."

"Hapana rahisi," akasema. "Mama anajua ni Kapinga njo aliuvunja. Alimupiga Kapinga mbele ya bantu, akakatala kumupikisha myezi muzima. Lakini ni mimi. Nilikuwa nacheza na mawe. Kapinga aliniona, akanyamaza. Na mi nikanyamaza."

Mnaona shida ilipo. Akijibu "Kapinga", mama atasikia jibu analolijua, ataamini, na mwana atafufuka. Akisema ukweli, jibu litakuwa tofauti na lile analoshika mama, na mama atasema: mnaona, si yeye. Mimi, kwa ujana wangu, nilimshauri aseme "Kapinga", mengine atayatengeneza baadaye. Kabongo hakushauri kitu. Aliweka kiti, akazungusha springi, akatoka nje na kunivuta nitoke naye.

"Ile tunamuachia ye moja," akasema.

Kwa hiyo sikujua alichosema. Alitoka baada ya muda, akatushika mikono, akaenda. Ngalula naye alinasa yake wiki hiyo. Baba yake alikuwa amemfundisha kuhesabu kwa Tshiluba, umwe, ibidi, isatu, na alifika kumi akikosea mara moja tu. Kusikia kwamba bibi yake aliuita wimbo wake luga ya wafu kulikuwa kumemuuma mtoto.

Safari ya pili, gari la Bwana Ramazani liliingia shimoni karibu na kijiji. Magunia yaliruka na mashini ikaruka nayo. Nilipoifungua mbele ya Mama Ntumba, springi ilikuwa imekatika. Pile zilikuwa nzima, taa ndogo ilikuwa inawaka, ila mota haizunguki. Nikakumbuka zoezi moja la Kabongo ambalo nililiona la kijinga: aliniketisha asubuhi nzima nikizungusha gurudumu kwa kidole, naye akihesabu kwa kalamu juu ya meza, hadi kidole na kalamu vikawa kitu kimoja. Nilimuuliza ni ya kazi gani. Alisema, "Siku utajua, utanishukuru. Ukikosa kujua, basi ni siku njema."

Nikaweka kidole juu ya gurudumu, nikazungusha.

Kwa woga nilianza haraka mno. Sauti ya Mukendi ikatoka nyembamba, ya juu, sauti ya kijana ambaye ndevu hazijaota. Mama Ntumba akainua kichwa ghafla, mdomo wazi. Nikatuliza mkono, na sauti ikashuka, ikanenepa, ikawa ya mwanaume mzima. Ilikuwa kosa la kidole changu tu, lakini mama yule alimsikia mwanawe akikua mbele yake kwa pumzi tatu. Sijawahi kunasa kitu kizuri kama kosa lile.

"Mama," sauti ikasema, "unajua ni Kapinga. Ulimupiga na mwiko mbele ya bantu, ukamukataza moto myezi muzima. Ile njo jibu unangojea. Lakini mama, ni mimi. Nilikuwa narusha mawe. Kapinga aliona, hakusema. Nilitoroka bila kukuaga juu ya mambo mingi, na hii ilikuwa ndani. Kama utasema mi si mwanako juu nimesema hivi, useme. Lakini siwezi kurudi kwako na uongo."

Nikasimamisha kidole. Mama Ntumba alitikisa kichwa polepole.

"Mwanangu angejua," akasema. "Ilikuwa Kapinga. Huyu si yeye."

Watu wakaguna. Nilihisi kidole kinaniuma, kana kwamba kimefanya kazi ya bure. Ndipo Kapinga akasimama. Alikuwa mwanamke wa zaidi ya miaka arobaini, na alisimama kama mtoto anayesubiri kupigwa.

"Mama, ni yeye."

"Weye unajua nini?"

"Najua kile nilinyamaza. Jiwe lilikuwa ya Mukendi. Sikumuambia muntu, hata bwana yangu, hata padri. Mu dunia muzima tunaijua bawili. Mi niko hapa. Basi ule anayesema mule ni nani?"

Mama Ntumba alimtazama binti yake. Kisha akaenda akamshika uso kwa mikono miwili. Bwana Ramazani, aliyekuwa amesimama pembeni akingoja tuondoke, akageuka kuangalia magurudumu ya gari lake ambayo hayakuwa na shida yoyote.

Baadaye mama alirudi kwenye mashini. Alisikiliza Ngalula akihesabu, akacheka mtoto alipokosea namba saba, akaomba amrekebishe. Nikazungusha kwa kidole, akamtamkia mjukuu wake namba zote kumi, polepole, kama mtu anayempa mtoto chakula cha moto. Namba hizo Ngalula alizisikiliza hadi bande likachakaa. Kisha mama akamwambia mwanawe: "Mukendi, nilikuzika nikiwa na nguvu. Kukufukua kumenichosha. Miguu yangu haifiki Kolwezi. Namtuma dada yako aniletee habari ya uso wako."

Karani wa teritwari, yaani wilaya, alisumbua siku mbili juu ya karatasi ya safari: mwanamke peke yake, anakwenda kufanya nini? Kapinga alimjibu, "Kuona mudogo yangu," na akarudia jibu lilelile kila alipoulizwa, bila kupandisha wala kushusha sauti, hadi karani akachoka kabla yake. Tukapanda treni. Siku zote za njiani alikaa dirishani na kikapu magotini, na alikataa kulala Kamina asije akapitilizwa.

Nilikuwa nimetuma telegramu kituo cha Kolwezi, na Mukendi alikuwepo, amevaa koti la Jumapili siku ya kazi, Ngalula pembeni yake. Kabongo pia alikuja, lakini alisimama mbali. Jukwaa lilijaa watu. Kapinga alishuka, akaangalia huku na huku. Akampita Mukendi. Mukendi naye akamwangalia, akaendelea kutafuta mlango wa behewa jingine. Zaidi ya miaka ishirini ilikuwa imepita kwenye nyuso zile. Hakuna aliyemjua mwenzake.

Nikainua mkono nimwonyeshe. Kapinga akaushusha.

"Usinionyeshe."

Akaweka kikapu chini, akasimama katikati ya watu wote wale, akafumba macho.

Mukendi alikuwa anamuuliza kondakta kama kuna abiria wa Mwene-Ditu. Hakuwa mbali, na hakusema kwa nguvu. Kapinga aligeuka kabla swali halijaisha, macho bado yamefumbwa, akatembea moja kwa moja hadi kwenye kifua chake.

Mashini ilikuwa begani mwangu, imefungwa. Sikuigusa.